Safari za Baada ya Kengele

Gari lilikaa miezi tisa chini ya kibanda cha mabati nyuma ya nyumba yetu ya Kalangalala, Geita, kuku wakitaga mayai nyuma ya magurudumu yake. Dereva alikuwa mume wangu. Alikuwa akiendesha magari ya wafanyakazi kwa mkandarasi mmoja, na siku za mapumziko akilitumia hilo letu dogo kubeba abiria. Kisha siku moja, akifunga turubai juu ya lori, akateleza na kuanguka, akaumia uti wa mgongo. Hakupooza, namshukuru Mungu, lakini hakuweza kukaa kwenye kiti zaidi ya dakika kumi bila jasho kumtoka. Mkataba wake ulipokwisha haukuongezwa.

Mimi nilikuwa mwalimu wa hisabati wa shule ya msingi, na umri wangu ulikuwa miaka arobaini na moja. Mshahara wangu ulitosha chakula na ada ya binti yetu. Haukutosha kumpeleka mume wangu Mwanza kila baada ya wiki mbili kwa mtaalamu wa viungo, na daktari alikuwa ametuambia bila kuzunguka kwamba asipofanya yale mazoezi mfululizo, mgongo utakakamaa vilevile ulivyo. Mashemeji zangu wakashauri tuuze gari. Mnunuzi akaja, akalizunguka mara mbili, akalipiga teke gurudumu kama mtu anayepima ng'ombe mnadani. Kabla hajataja bei nikamwambia haliuzwi.

Mume wangu alikuwa amelala kwenye mkeka barazani. Akainua kichwa.

"Haliuzwi, litafanya nini sasa?"

"Litafanya kazi iliyotufanya tulinunue. Nifundishe."

Alicheka mpaka mgongo ukamuuma. Alipoona mimi sicheki, akaniomba nimpe fimbo yake.

Nilijiandikisha chuo cha udereva kama sheria inavyotaka, lakini kazi yenyewe nilifundishwa na yeye, Jumapili asubuhi, kwenye uwanja wa mpira. Hakuweza kukaa ndani ya gari muda mrefu, hivyo alisimama golini ameegemea fimbo, akinipigia kelele. "Klachi! Klachi taratibu, hukanyagi chawa!" Gari likaruka kama mbuzi, likazima. Nikawasha tena. Likazima. Walimu wenzangu wawili waliokuwa wakipita kwenda kanisani walisimama kutazama, na mmoja akauliza kwa sauti kama nimeamua kulima ule uwanja. Sikumjibu, kwa sababu nilikuwa naogopa nikifungua mdomo nitalia. Mume wangu alisubiri waondoke, akasogea dirishani akasema kwa upole, "Hata mimi lilinizimikia. Washa." Kabla ya kuniruhusu kuingia barabarani alinitaka nifungue magurudumu yote manne na kuyafunga tena kwa mikono yangu. Alisema hataki siku moja nimpigie simu nikiwa porini, kwa sababu hataweza kuja.

Nilipopata leseni na vibali vyote, nilijisajili kwenye ile programu ya simu ya kuita magari, ambayo ndiyo kwanza ilikuwa imeingia mjini kwetu. Nilipanga hivi: kengele ya mwisho ikilia nasahihisha madaftari hadi saa kumi, kisha naendesha mpaka magharibi. Jumamosi kutwa nzima. Jumapili gari linapumzika, na mimi pia.

Siku ya kwanza niliitwa kwenye gesti moja karibu na stendi. Akatoka mwanamume mwenye mkoba, mnunuzi wa dhahabu kwa jinsi nilivyomwona. Akainama, akachungulia viti vya nyuma.

"Dereva yuko wapi?"

"Ni mimi."

Akanitazama, akatazama ushungi wangu, akatazama simu yake. Akafuta safari hapo hapo mbele yangu, akasimamisha bodaboda. Wa pili alifuta kabla sijafika, nadhani baada ya kuona picha yangu. Wa tatu alipanda, lakini njia nzima alishika mpini wa mlango kwa mikono miwili akiniambia, "Breki, dada, breki," hata pale ambapo mbele yetu hapakuwa na kitu isipokuwa vumbi.

Wa nne alikuwa mama lishe. Alikuwa anapeleka chakula kwa wachimbaji nje ya mji, na bodaboda wake wa kila siku alikuwa amemmwagia supu mara mbili wiki ile. Alipanga sufuria zake chini ya kiti, akaketi na bakuli la pilipili mapajani, akasema, "Mimi sijali nani anaendesha. Mradi supu yangu ifike." Nikaendesha kama nimebeba mayai. Ilifika yote. Tangu siku ile akawa mteja wangu, na mdomo wake ulikuwa tangazo kubwa kuliko ile programu. Ndiye aliyenikutanisha na wanawake wanne wanaochuuza dagaa, ambao kila Jumamosi walitaka kufika mapema kwenye mwalo wa Nkome, boti za wavuvi zinapotia nanga. Kila mmoja alilipia kiti chake. Tulikwenda tukiimba, tukarudi na magunia juu na ndani, na gari likanuka dagaa hadi Jumatano. Abiria mmoja wa kwenye programu alinipa nyota moja akaandika, "Dereva mzuri, gari ni mwalo." Nilimwonyesha mume wangu. Akasema nyota hiyo moja ni ya dereva, zile nne zilizokosekana ni za dagaa. Nilinunua turubai na sabuni ya unga, na Jumamosi iliyofuata nikaenda tena Nkome.

Habari zikafika shuleni. Mwalimu mkuu aliniita ofisini saa ya mapumziko. Alikuwa mtu mwenye haki kwa kawaida, mzee wa kanisa, lakini siku hiyo hakuniambia niketi.

"Mzazi amenipigia simu. Anasema mwalimu wa mwanawe amemshusha sokoni akampa chenji."

"Ni kweli, Mwalimu Mkuu."

"Unaona ni sawa? Watu watasemaje kuhusu shule hii?"

"Naomba nikuulize. Kuna kipindi nilichokosa?"

Akafungua daftari la mahudhurio, ingawa nadhani alijua jibu. "Hakuna."

"Kuna daftari la mtoto ambalo sijasahihisha?"

Akafunga daftari. Nje watoto walikuwa wakipiga kelele kwenye bomba la maji. Mwishowe akasema, "Andika barua ya kuomba kibali, niipeleke ngazi ya juu. Wakikataa, utachagua kimoja. Na mpaka majibu yaje, sitaki kuliona hilo gari hapa shuleni."

Niliandika barua usiku ule ule, ukurasa mmoja, bila kulia shida. Nilieleza saa zangu za kazi, nikaeleza ugonjwa wa mume wangu kwa sentensi mbili, nikasaini. Na gari nikawa naliegesha sokoni, kisha natembea kwa miguu hadi shuleni kila asubuhi, dakika ishirini na tano, chaki mkobani.

Ilikuwa katika wiki zile za kusubiri majibu ambapo mama lishe aliniambia habari za mpangaji wake. Alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu, mchimbaji mdogo, mtu wa maduara, ndivyo wanavyoyaita yale mashimo yao. Siku hizi nguvu za kushuka shimoni zilikuwa zimemwisha, akawa anaponda magwangala, yale mawe ya mabaki, akitafuta chembe zilizosahauliwa. Kwao kulikuwa vijiji vya Tinde, Shinyanga. Hakuwa amekwenda kwao miaka kumi na tisa.

"Anataka umpeleke," mama lishe akasema. "Ana pesa ya safari, ameiweka kwangu."

"Mabasi si yapo?"

"Amepanda basi mara tatu. Mara zote tatu ameshukia njiani akarudi. Mara ya mwisho alifika Kahama." Akafunika sufuria yake. "Nikamwambia, nina dereva mmoja hakatagi tamaa kwa jambo lolote. Akasema huyo huyo."

Tuliondoka Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, tukipita njia ya Kakola. Mzee alikuwa amenyoa, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi na mama lishe. Mzigo wake ulikuwa begi moja dogo, mfuko wa sukari kilo tano, na kitenge kipya ndani ya karatasi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu." Akajifunga mkanda, akaufungua, akaufunga tena. "Mwalimu, tuelewane kabla hujawasha. Nikikuambia geuza, usigeuze."

"Sitageuza."

"Hata nikikasirika."

"Mzee, mimi nafundisha darasa la watoto tisini. Kasirika tu."

Alitabasamu, tukaondoka. Kwa muda mrefu hakusema kitu. Barabara ilikuwa ya changarawe, malori ya mbele yakitufukizia vumbi jekundu, nikawa nafunga kioo na kufungua. Karibu na Kakola gurudumu la nyuma likapasuka. Mzee akateremka haraka, akakunja mikono ya shati, akataka kushika jeki.

"Kaa kivulini, mzee. Shati hilo lina kazi."

Nikabadilisha gurudumu mwenyewe. Nati ya mwisho iligoma, nikapanda kwa miguu juu ya spana nikairukia mpaka ikalegea. Vijana wawili wa bodaboda walisimama kutazama, na hakuna aliyecheka. Nilipomaliza nilikuwa mwekundu kwa vumbi hadi kope, na mzee alikuwa amekaa juu ya jiwe, amepakata kitenge chake kama mtoto mchanga.

Pengine ni hilo lililomfungua mdomo. Tuliporudi ndani ya gari alinisimulia. Aliondoka nyumbani akimwahidi mkewe kwamba atarudi na bati za nyumba na ng'ombe sita. Mwaka wa pili duara lao lilitema dhahabu, akapata pesa ambayo ingenunua bati, ng'ombe, na zaidi. "Nikasema nipumzike kidogo, ndipo niende. Nilipumzika mwezi mzima, mwalimu. Nilipoamka haikubaki hata nauli." Baada ya hapo kila mwaka alisema akipata tena ndipo atakwenda, ili asiende mikono mitupu. Mara chache alituma hela kwa watu, hajui kama zilifika. Simu zilipoenea hakutaka kuwapa namba. "Ningewaambia nini?" Mama yake alikuwa amekufa miaka saba nyuma, aliambiwa na mtu wa kijiji chao aliyekutana naye kwenye karasha, pale wanaposaga mawe. Alisikia, akarudi kuponda mawe siku ile ile.

Tulipofika Kahama tulikunywa chai. Alipomaliza kikombe akasema, bila kunitazama, "Turudi tu, mwalimu. Pesa yako ni ile ile, yote."

"Kunywa kingine, twende."

Hakukasirika. Alikasirika baadaye, tulipopita Tinde na kukata kushoto kwenye njia ya udongo kati ya mashamba ya mtama. Akaniambia geuza. Nikaendelea. Akasema kwa sauti kubwa, "Nimesema geuza! Mimi ndiye niliyekulipa!" Kisha akashika mpini wa mlango na gari likienda. Hapo nikasimama. Ahadi ni ahadi, lakini sikuwa tayari kumfikisha mtu kwao akiwa na miguu iliyovunjika.

Nikazima gari. Injini ikawa inagonga-gonga kwa joto. Mbele yetu, hatua kama mia tatu, palikuwa na nyumba ya tope yenye bati kuukuu na vihenge viwili vya nafaka.

"Ni pale?" nikauliza.

Akaitikia kwa kichwa.

"Sitageuza, na sitakuburuta. Wewe kaa hapa. Nitakwenda kuwasalimia mimi."

"Utawaambia nini?"

"Kwamba upo kwenye gari."

Nikachukua funguo, nikashuka. Nilitembea nikiona aibu ya viatu vyangu vyenye grisi, nikijiuliza ni nani aliyenituma niingilie nyumba ya watu. Uani palikuwa na mwanamke wa makamo, ameketi kwenye kigoda, akikata viazi vitamu vipande vyembamba vya kuanika michembe. Mimi ni wa Singida, Kisukuma changu ni cha sokoni, nikamsalimu kwa lile neno ninalolijua, "Mwadila." Akaitikia kwa Kisukuma kirefu, akaona sijaelewa, akageukia Kiswahili. Alikuwa dada wa mzee, mdogo wake wa kumfuata. Nikamwambia nimekuja na nani.

Hakupiga kelele. Kisu kilibaki katikati ya kiazi.

"Anaumwa?"

"Hapana."

"Ana miguu yote miwili?"

"Anayo."

"Basi kwa nini umekuja wewe?"

"Anaogopa. Hana bati wala ng'ombe."

Akakiweka kisu chini, akajipangusa mikono kwa kanga, akatangulia. Alitembea haraka kiasi kwamba nilimfuata nusu nikikimbia. Alipofika kwenye gari akafungua mlango, akamtazama kaka yake kwa muda mrefu, kuanzia viatu hadi kichwa chenye mvi. Nilitarajia machozi au matusi. Akasema, "Shuka. Viazi vinaoza na sisi mikono ni minne tu."

Mzee akashuka. Akasimama hajui aweke wapi mikono yake, mpaka dada yake akampokonya begi na kumwachia sukari na kitenge abebe mwenyewe.

Mkewe alikuwepo. Alikuwa ndani na alikuwa amesikia yote, lakini hakutoka. Tulisimama mlangoni, na sauti ikatoka gizani mle, sauti ya mtu asiye na haraka: "Mwambieni aanze kwa mama yake." Dada akampeleka nyuma ya nyumba, kwenye kaburi lililozungushiwa mawe. Nilibaki uani peke yangu, na kwa kuwa sikujua la kufanya nikaketi kwenye kile kigoda nikakata viazi. Nilimsikia mzee akilia. Alilia kama watoto wa darasa la kwanza wanavyolia siku ya kwanza, bila kujali nani anasikia.

Wakati huo mkewe akatoka. Alikuwa mrefu, amejifunga kanga mbili, uso umekauka. Akanisalimu, akanikaribisha maji ya kunywa, akatazama vitu ambavyo mzee alikuwa ameviacha juu ya kiti mlangoni. Sukari aliichukua akaipeleka jikoni. Kitenge alikiacha pale pale.

"Wewe ni nani wake?" akaniuliza.

"Dereva tu, mama."

"Dereva," akarudia, akitazama mikono yangu. "Umetoka naye Geita mpaka hapa, peke yako?" Nilipoitikia, akatingisha kichwa taratibu, akaenda kuongeza maji kwenye sufuria ya ugali. Nilikula kwao. Mzee alikula pembeni na wajukuu waliokuwa wakimtazama bila kupepesa. Nilipoaga alinisindikiza hadi kwenye gari, macho yamevimba, na neno pekee alilosema lilikuwa "Wabeja," asante kwa Kisukuma, akalirudia mara nyingi mpaka nikafunga mlango. Sikujua kama nilikuwa nimefanya jema. Nilijua tu kwamba nilifanya nililolipwa kulifanya, na nikarudi Geita, nikafika taa za madukani zikiwashwa.

Zilipita wiki tano kabla mzee hajanipigia kwa simu ya dada yake. Alikuwa bado analala upande wa dada yake. Mkewe alikuwa akizungumza naye kuhusu mbuzi na mambo ya mvua, si zaidi. Lakini yeye mwenyewe alikuwa ameanza kuchimba kisima nyuma ya nyumba, kwa sababu wanawake wa pale walikuwa wakifuata maji mbali. "Kuchimba ndiyo kazi ninayoijua, mwalimu. Nimefika futi ishirini, udongo umeanza kuwa na ubaridi." Sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye kazi ya kumaliza.

Majibu ya barua yangu yalikuja muda mfupi baadaye. Mwalimu mkuu alinipa bahasha mbele ya walimu wote, nadhani makusudi. Niliruhusiwa kuendesha nje ya saa za kazi, kwa sharti kwamba nisibebe wanafunzi kwa malipo. Alisema, "Unaweza kuliegesha gari lako chini ya mwarobaini," kisha akaongeza kwa sauti ya chini kwamba Jumamosi mke wake anataka kwenda Nkome, kama bado kuna kiti.

Nimeendelea hivyo mwaka wa tatu sasa. Mume wangu amekwenda Mwanza kila alipotakiwa kwenda, hakukosa hata mara moja. Ameiacha fimbo. Anaweza kukaa saa nzima, na amefungua kibanda cha kutengeneza redio na simu hapo hapo nyumbani. Safari ndefu hatazifanya tena, na tumeacha kuzungumzia. Bado kuna abiria wanaofuta safari wakiiona picha yangu. Sipotezi muda kuwafikiria, nahamia kwa anayefuata.

Wiki iliyopita nilimbeba muuguzi mmoja akitoka zamu. Alikaa kiti cha mbele, akawa anatazama miguu yangu badala ya barabara. Tulipofika kwake hakushuka.

"Ilikuchukua muda gani kujifunza?"

"Muda mrefu. Liliruka kama mbuzi."

"Nina gari la marehemu kaka yangu. Limesimama tu." Akasita. "Watu wanasema nitaligonga."

"Wewe mwenyewe unasemaje?"

Akafikiri. "Nasema nijaribu."

Nikamwambia aje uwanja wa mpira Jumapili saa moja asubuhi, avae viatu vya kufunga kamba, na aje na leseni yake ya kujifunzia.